Mbio za Sakafuni: Pufya Miongoni mwa Wakimbiaji wa Ridhaa na Wakongwe

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mtu anayefanya pupa ya kutafuta makuu pasi na kuzingatia mipaka yake. Katika miongo ya hivi karibuni, methali hiyo imepata uwanja mwingine wa matumizi ulio karibu sana na maana ya maneno yenyewe. Uwanja huo ni mbio za barabarani wanazokimbia watu wasiolipwa, wengi wao wakiwa wamevuka umri wa miaka 40. Baadhi ya wakimbiaji hawa hawana mkataba, hawana kocha wala hawatarajii medali ya Olimpiki. Hata hivyo, wapo miongoni mwao wanaotumia dawa zilizopigwa marufuku michezoni.

Mjadala kuhusu dawa hizi umejikita mno katika wanariadha mashuhuri. Nchini Kenya, kwa mfano, habari zilizowashtua wengi mwaka wa 2014 zilimhusu Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, aliyepatikana na dawa ya kuongeza damu. Ni nadra sana kusikia habari za karani wa benki, mwalimu au daktari mstaafu anayekimbia mwishoni mwa juma na kutumia dawa hiyo hiyo. Makala haya yananuia kuuangazia upande huo uliosahaulika. Yataeleza dawa hizi hufanya nini mwilini, yatachunguza ni kwa nini mtu asiye na donge nono la kushindania azitumie, kisha yatabainisha kinachopotea azitumiapo. Hoja kuu ni kwamba mkimbiaji wa ridhaa hapati malipo mengine ila ukweli wa saa yake. Dawa humnyang'anya hata hicho kidogo.

Istilahi na Mipaka Yake

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe. Katika vyombo vya habari vya Kenya na Tanzania, istilahi iliyozoeleka ni "dawa za kusisimua misuli". Magazeti ya Kiswahili nchini Kenya hutumia pia neno fupi "pufya". Istilahi ya kwanza inaeleweka kwa wengi, lakini ina kasoro. Baadhi ya dawa zinazoharamishwa haziigusi misuli kamwe. Kuna zinazoongeza chembechembe nyekundu za damu, kuna zinazozima maumivu, na kuna zinazoficha dawa nyingine katika mkojo. Kwa sababu hiyo, makala haya yanalitumia neno pufya kwa maana ya dawa au mbinu yoyote iliyoharamishwa na kanuni za michezo kwa lengo la kulinda usawa na afya.

Neno la pili ni "ridhaa". Asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya kukubali jambo kwa hiari bila kushurutishwa. Mwanariadha wa ridhaa, basi, ni yule anayeshiriki kwa kupenda kwake na wala si kwa sababu ya ujira. Aidha, "wakongwe" katika riadha si lazima wawe vikongwe. Katika mashindano ya dunia ya wakongwe, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1975, mtu huhesabiwa kuwa mkongwe aingiapo miaka 35. Kuanzia hapo washindani hugawanywa katika makundi ya miaka mitano mitano. Ndiyo maana katika riadha hii mtu wa miaka 54 huisubiri kwa hamu siku yake ya kuzaliwa. Akitimiza miaka 55, atakuwa kijana miongoni mwa wazee.

Mwili Unapozeeka

Ili kuelewa kishawishi cha pufya, ni sharti kwanza kuelewa umri unamfanyia nini mkimbiaji. Nguzo ya mbio ndefu ni uwezo wa mwili wa kuvuta oksijeni, kuisafirisha kwa damu na kuitumia katika misuli. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, kilele cha uwezo huu hushuka kwa takriban asilimia 10 kila mwongo baada ya umri wa miaka 30. Anayeendelea kujizoeza kwa bidii anaweza kuupunguza mporomoko huo hadi karibu nusu, ila hawezi kuuzuia kabisa. Idadi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo nayo hupungua kwa karibu pigo moja kila mwaka. Misuli husinyaa, na majeraha huchukua muda mrefu kupona. Kwa wanaume, homoni ya testosteroni hupungua polepole, takriban asilimia moja kila mwaka.

Mabadiliko haya ni ya kawaida, mithili ya mvi. Hata hivyo, mkimbiaji huyaona kwa namna ambayo jirani yake asiyekimbia hayaoni. Jirani hana saa inayompimia uzee. Mkimbiaji anayo, nayo humwambia kila mwaka, kwa dakika na sekunde, kiasi gani cha ujana kimeondoka. Hapo ndipo penye mwanya ambao pufya huingilia.

Dawa Zenyewe na Utendakazi Wake

Dawa zinazohusishwa na wakimbiaji wa aina hii zinaweza kuwekwa katika makundi matatu makuu.

Kundi la kwanza ni la kuongeza damu, na maarufu zaidi ni erithropoietini, inayojulikana kwa kifupi kama EPO. Kwa kawaida homoni hii hutengenezwa na figo. Figo zinapohisi upungufu wa oksijeni, huituma kwenye uboho wa mifupa ili chembechembe nyekundu zaidi zizalishwe. Ile ya maabara iliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1989 kwa ajili ya wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu. Mwaka uliofuata, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipiga marufuku michezoni. Hata hivyo, kipimo cha kuitambua hakikutumiwa katika Olimpiki hadi michezo ya Sydney mwaka wa 2000.

Je, EPO humsaidia mkimbiaji wa kawaida? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, waliwadunga wanaume 19 waliojizoeza vyema kwa muda wa majuma manne. Muda wao wa kukimbia mita 3,000 uliboreka kwa takriban asilimia 6. Majuma manne baada ya sindano kukoma, walikuwa bado na nafuu ya takriban asilimia 3. Utafiti kama huo ulifanywa pia na wakimbiaji wa Kenya wanaoishi nyanda za juu karibu na Eldoret, na matokeo yakakaribiana na hayo.

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwani wote waliodungwa walijua wanachodungwa. Mwaka wa 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la waendesha baiskeli 48 wasiokuwa wa kulipwa. Nusu yao walipewa EPO na nusu maji yasiyo na dawa, bila yeyote kujua alichopewa. Mwishoni walishindana kupanda Mont Ventoux, mlima mrefu wa Ufaransa unaosifika katika mbio za baiskeli. Katika vipimo vya maabara waliopewa EPO walikuwa na nafuu kidogo, lakini mlimani makundi yote mawili yalifika kwa muda uliolingana.

La kushangaza zaidi lilitokea Glasgow kwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, wakimbiaji 15 wa vilabu vya kawaida walijidunga dawa walioambiwa inafanana na EPO. Kwa kweli yalikuwa maji ya chumvi matupu. Waliongeza kasi kwa zaidi ya asilimia moja katika mbio za kilomita 3. Ni bayana kuwa sehemu ya nguvu ambayo mkimbiaji wa ridhaa huinunua kwa siri tayari anayo, mradi aamini.

Kundi la pili ni la testosteroni na steroidi nyinginezo za kujenga mwili. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu, faida yake si misuli mikubwa. Humwezesha kupona upesi baada ya mazoezi magumu, hivyo akaweza kuyarudia mapema kuliko wenzake. Ugumu wa kundi hili ni kuwa dawa hiyo hiyo hutolewa hospitalini. Nchini Marekani, kiwango cha wanaume wa zaidi ya miaka 40 waliokuwa wakiandikiwa testosteroni kiliongezeka zaidi ya mara tatu kati ya mwaka wa 2001 na 2011, wakati ambapo matangazo ya biashara yaliwashawishi wanaume kuwa uchovu wa umri ni ugonjwa. Mwaka wa 2015, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliwaamuru watengenezaji waeleze bayana kuwa dawa hiyo haikuidhinishwa kutibu uzee.

Kundi la tatu ndilo lililoenea zaidi, na sehemu kubwa yake si haramu. Nalo ni la dawa za kutuliza maumivu: ibuprofeni, diklofenaki, aspirini na nyingine za jamii hiyo. Miongoni mwa zile zenye nguvu zaidi, tramadoli ilipigwa marufuku wakati wa mashindano kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Wakimbiaji wengi humeza vidonge kabla ya mbio ili kuyatangulia maumivu ambayo hayajafika. Katika mbio za Bonn, Ujerumani, za mwaka wa 2010, karibu nusu ya wakimbiaji takriban 3,900 waliojibu hojaji walikiri kumeza dawa za maumivu kabla ya kuanza. Matatizo ya tumbo, moyo na figo yalikuwa mengi zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa wenzao. Watu tisa walilazwa hospitalini: watatu kwa figo kushindwa kufanya kazi kwa muda, wanne kwa kutokwa na damu tumboni, na wawili kwa mshtuko wa moyo. Wote tisa walikuwa wamemeza dawa. Hakuna hata mmoja wa wasiomeza aliyelazwa.

Idadi Yao

Kuhesabu watumiaji wa pufya ni kazi ngumu, kwa kuwa mficha uchi hasemi. Vipimo vya mkojo na damu ni ghali, na mara nyingi hufanyiwa washindi wa mbio kubwa tu. Ukimwuliza mtu moja kwa moja, atakana. Watafiti wamebuni njia ya kuuliza inayomlinda anayejibu. Mhojiwa hupewa maswali mawili, moja lisilo na madhara na jingine kuhusu pufya. Jambo alilo nalo moyoni, mathalani tarehe ya kuzaliwa ya mtu amjuaye, ndilo huamua alijibu lipi. Mtafiti huona jibu la "ndiyo" bila kujua ni swali lipi lililojibiwa. Hawezi kumshuku mtu yeyote, lakini kwa kuwa anajua uwezekano wa kila tarehe, anaweza kukokotoa kiwango cha kundi zima.

Kwa njia hiyo, watafiti wa Ujerumani waliwahoji takriban washiriki 3,000 wa mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika mwaka wa 2011, watu wa ridhaa watupu. Makadirio yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2013, yalikuwa kwamba asilimia 13 walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za mwili katika muda wa miezi 12 iliyotangulia. Takwimu hizo haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye kila mbio za kila nchi. Hata hivyo, zinatosha kuondoa dhana kuwa pufya ni ugonjwa wa mabingwa pekee.

Kiini cha Kishawishi

Swali linaloibuka ni hili: kwa nini? Mkimbiaji chipukizi wa Iten au Kapsabet anapokubali sindano, sababu yake haihalalishi kosa, lakini inaeleweka. Mbio moja ya ughaibuni inaweza kununua shamba na kulipa karo za ndugu wote. Mhasibu wa miaka 52 anayekimbia Marekani hatanunua chochote. Kwake yeye, sababu ni za aina nyingine.

Kwanza, kuna milango inayofunguliwa na saa. Marathoni ya Boston huwataka wakimbiaji wengi wafikie muda maalumu kulingana na umri na jinsia. Kwa mbio za mwaka wa 2025, mwanamume wa miaka 50 hadi 54 alihitaji saa 3 na dakika 25. Hata hivyo, kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, aliyekubaliwa alilazimika kuwa chini ya muda wake kwa dakika 6 na sekunde 51. Asilimia 3 ya saa 3 na dakika 25 ni zaidi ya dakika 6. Mtu aliyejinyima usingizi kwa miaka mitatu, akakosa nafasi kwa dakika tano, huanza kuiona hesabu hiyo usiku.

Pili, kuna heshima ya kundi la umri. Zawadi huenda ikawa kikombe cha bati, ila mshindi wa kikombe hicho hujulikana kilabuni mwake. Tatu, na pengine hili ndilo kubwa kuliko yote, ni hofu ya kuzeeka. Mtu aliyejitambua kwa miaka 20 kuwa yeye ni mwenye mbio huona kila dakika inayoongezeka kuwa ni sehemu ya nafsi yake inayomomonyoka. Hatafuti kumshinda jirani. Anatafuta kumshinda yeye mwenyewe wa mwaka juzi. Kwa hivyo hajioni kuwa mdanganyifu, bali hujiona kuwa mgonjwa anayejitibu.

Sheria na Uzito Wake

Kisa cha mwaka wa 1999 kinadhihirisha utata huo. Katika mashindano ya dunia ya wakongwe yaliyofanyika Gateshead, Uingereza, mwanamke Mmarekani wa miaka 56 aliyekuwa akishiriki mbio fupi alipatikana na steroidi mwilini. Chanzo chake kilikuwa vidonge vya homoni alivyoandikiwa na daktari baada ya kukoma hedhi. Alifungiwa miaka miwili. Waliomtetea waliuliza ni vipi bibi anayemeza dawa zake za kila siku aitwe mlaghai. Waliounga mkono adhabu walijibu kuwa waliokimbia kando yake nao walikuwa wanawake wa umri huo huo, nao walikuwa wamekoma hedhi.

Kisa cha pili, ingawa ni cha mbio za baiskeli, kinafaa kutajwa. Mwaka wa 2018 Mmarekani wa miaka 90 aliweka rekodi ya umri wake, kisha mkojo wake ukapatikana na mabaki ya steroidi inayotumiwa kunenepesha ng'ombe. Siku moja kabla alikuwa amepimwa akawa safi. Uchunguzi ulielekea kuonyesha kuwa alikula ini lenye dawa hiyo usiku uliotangulia mbio. Alipewa onyo tu, ila rekodi aliipoteza.

Visa kama hivi vimechangia kulegezwa kwa kanuni. Shirika la Kupambana na Pufya Duniani, WADA, liliundwa mwaka wa 1999. Kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka wa 2021 zilitambua kundi la wanariadha wa kujiburudisha, yaani wale ambao kwa miaka mitano iliyotangulia hawakuwa wa ngazi ya kitaifa wala kimataifa. Mwanariadha wa kawaida anayetumia EPO makusudi hufungiwa miaka minne. Wa kujiburudisha ambaye hakuwa na kosa kubwa anaweza kupewa adhabu ya kuanzia karipio hadi miaka miwili, na si lazima jina lake litangazwe. Anaweza pia kuomba idhini ya matumizi ya dawa kwa ajili ya tiba hata baada ya kupimwa.

Hata hivyo, idhini hiyo ina mpaka. Mwanamume ambaye korodani zake zimeharibiwa na ugonjwa anaweza kuruhusiwa testosteroni. Ambaye homoni zake zimepungua kwa sababu ya umri pekee haruhusiwi, kwa kuwa kupungua huko ndiko kunakowapata wapinzani wake wote. Hii ndiyo busara ya mashindano ya wakongwe. Yalianzishwa ili uzee uwe uwanja wa mashindano. Anayeutibu uzee kisha akaingia uwanjani amehama kundi lake huku akiwa amelivaa jina lake.

Madhara kwa Afya

Ni muhimu kutambua kuwa mstari wa sheria na mstari wa afya haupiti mahali pamoja. Ibuprofeni ni halali, lakini inaweza kuumiza. Figo huhitaji damu ya kutosha ili kuchuja taka. Mtu anapokimbia kwa saa kadhaa juani, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli na ngozi, na figo husalia na kidogo. Mwili hujikinga kwa kemikali zinazoipanua mishipa ya figo, na ibuprofeni huzuia kemikali hizo hizo. Katika utafiti wa mwaka wa 2017 uliowahusu wakimbiaji 89 wa mbio za masafa marefu mno, asilimia 52 ya waliopewa ibuprofeni walionyesha dalili za kuumia figo, ikilinganishwa na asilimia 34 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kwa upande wa EPO, damu yenye chembechembe nyingi kupita kiasi huwa nzito. Mkimbiaji anapotokwa na jasho, maji hupungua na uzito huo huongezeka. Kwa kijana mwenye mishipa laini hiyo ni hatari. Kwa mtu wa miaka 55, ambaye mishipa yake imeanza kukakamaa, hatari ya damu kuganda, kiharusi na mshtuko wa moyo ni kubwa zaidi. Kuhusu testosteroni, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2023 haukuona ongezeko la mishtuko ya moyo kwa wanaume waliopungukiwa na homoni hiyo kisha wakatibiwa chini ya uangalizi. Uliona, hata hivyo, visa zaidi vya moyo kupiga ovyo na damu kuganda mapafuni. Tena hao walikuwa wagonjwa waliopimwa mara kwa mara, wala si wakimbiaji wanaojidunga wenyewe chumbani.

Hapa pana kinaya kichungu. Bingwa anayetumia pufya aghalabu huwa na mtu wa kumpimia damu. Wa ridhaa hununua dawa asiyojua ilikotoka, hukadiria kipimo kwa kubahatisha, na humficha daktari wake jambo ambalo daktari angepaswa kulijua kuliko yote. Anapoanguka kilomita ya 35, anayemhudumia hajui damu anayoishughulikia ni ya namna gani. Waama, mficha maradhi kifo humuumbua.

Funzo kwa Kenya

Huenda msomaji akajiuliza haya yanaihusu vipi nchi ambayo sifa yake ni mabingwa. Tangu Marathoni ya Nairobi ianzishwe mwaka wa 2003, na ile ya Lewa miaka mitatu kabla yake, mbio za barabarani nchini zimeacha kuwa za wanariadha wa kulipwa pekee. Wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, wazazi na wastaafu hujipanga mstarini kwa maelfu. Vilabu vya wakimbiaji wa alfajiri vimechipuka mijini. Haya ni maendeleo ya kupongezwa, hasa wakati huu ambapo shinikizo la damu na kisukari vinaongezeka.

Kenya imejiwekea sheria. Sheria ya kupambana na pufya ilipitishwa mwaka wa 2016, na shirika la kitaifa, ADAK, likapewa jukumu la kupima na kuelimisha. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, nchi ilipokuwa katika hatari ya kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili kuimarisha vita hivyo. Ni jambo la busara kwamba fedha hizo zielekezwe kwanza kwa wanaowakilisha taifa. Haitarajiwi kuwa mpimaji atamsubiri kila mstaafu kwenye utepe. Elimu, kwa upande mwingine, haigharimu kama maabara. Mkimbiaji anayeweza kununua diklofenaki katika duka la dawa lililo karibu bila cheti cha daktari anastahili kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, dawa hiyo itafanya nini na figo zake katika jua la Isiolo. Hapo ndipo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana wajibu. Maonyo mengi ya aina hii yameandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria na wanasayansi. Anayeyahitaji zaidi huyapita kama mtu apitaye kibao asichoweza kukisoma.

Hitimisho

Mwaka wa 2004, mjini Toronto, Ed Whitlock alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Alikuwa na umri wa miaka 73. Hakuna aliyepita miaka 70 aliyekuwa amewahi kushuka chini ya saa 3 kabla yake. Mazoezi yake yalikuwa ya kuzunguka makaburini karibu na nyumbani kwake mjini Milton, saa baada ya saa, kwa mwendo wa polepole. Wanasayansi wa Kanada walimchunguza ili wajue mwili wa binadamu unaweza kuhifadhi nini baada ya miaka 80. Mwaka wa 2016, akiwa na miaka 85, alikimbia tena marathoni chini ya saa 4. Alifariki mwaka uliofuata.

Thamani ya muda ule si kikombe. Thamani yake ni kwamba unawaambia wote wanaozeeka jambo la kweli kuhusu uzee. Kila mkimbiaji wa ridhaa, hata anayemaliza kwa saa 5, huandika ushahidi wa namna hiyo, angalau kwa ajili ya nafsi yake na ya watoto wake wanaomsubiri mwishoni. Anayetumia pufya huandika ushahidi wa uongo, kisha huusoma yeye mwenyewe, na hana tena njia ya kujua angefika wapi kwa miguu yake.

Yapo mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Mzee ana haki ya dawa. Anayehitaji homoni kwa afya yake azitumie kwa ushauri wa daktari, akimbie kila asubuhi, na asionewe haya. Asichokuwa na haki nacho ni kusimama mstarini na watu ambao hawajui alichobeba. Neno ridhaa halimhusu mtu mmoja pekee. Waliojipanga mstarini wote wameridhiana kushindana kwa miili waliyopewa na umri walioufikia. Anayeuvunja mwafaka huo kwa siri huenda akafika utepeni mbele yao, lakini mbio alizokimbia si zile walizokimbia wenzake. Njia ya mwongo ni fupi, nayo kwa mkimbiaji wa ridhaa ni fupi zaidi, kwa kuwa wa kwanza kudanganywa ni yeye mwenyewe.